Koti la Msumarini

Kwanza niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: mimi ni mdaku. Nikiona watu wawili wananong'ona, miguu inanipeleka huko yenyewe. Karakana nzima ya ushonaji wananiita Mama Mkasi kwa kuwa mimi ndiye mkata vitambaa, ingawa Baba Pasi, mzee anayepiga pasi pale dirishani, anadai jina hilo nimelipata kwa sababu ya mdomo. Mwacheni aseme. Kama si udaku wangu, binti ninayetaka kuwasimulia angekuwa amelala kwao mpaka leo, amegeukia ukuta.

Tunamwita Vifungo. Ana miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye vidole vyembamba na kicheko cha haraka. Alikuja kwetu miezi mitano iliyopita akapewa meza ya karibu na mlango, kazi yake kutoboa matundu ya vifungo. Kazi hiyo watu huikimbia. Mashine inashona ukingo wa tundu, halafu unalipasua katikati kwa wembe, na hapo ndipo roho inapokaa mkononi. Mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini tundu likishapasuliwa ndiyo basi tena, maji yakimwagika hayazoleki. Yeye wembe aliupitisha taratibu, kama anamfuta mtoto machozi. Siku ya kwanza nililichukua shati lake nikalipeleka mwangani nitafute kasoro. Sikuiona, nikaudhika.

Siku ya pili akaniuliza wembe unashikwaje.

Nikadhani ananitania. "Jana umetoboa mashati arobaini hapa hapa, leo hujui wembe?" Akacheka, akatazama chini, akasema anajua. Kisha akaushika kinyume. Nilipomwonyesha, mara moja tu, mkono ukakumbuka na akaendelea hadi jioni bila kosa. Jamani, hilo likanikaa kichwani. Mtu asiyejua kazi namfahamu, nimefundisha wengi. Mvivu namfahamu pia, nimeolewa naye. Huyu hakuwa yeyote katika hao.

Basi nikaanza kumchunguza. Niligundua kwamba Baba Pasi akifungulia redio na mashine zote saba zikinguruma, Vifungo hukata vipande vya kitambaa akajiziba masikio, na siku hizo makosa yake huwa machache. Niligundua ukimwambia mambo matatu kwa mpigo, "Peleka kola kwa Baba Pasi, rudi na uzi mweupe, halafu funga dirisha," atakwenda moja kwa moja kufunga dirisha, kisha atasimama pale akikutabasamia, kola bado ziko mkononi. Chakula chake cha mchana alikuwa akimpa yeyote aliyesema ana njaa. Mwavuli wake alimwazima mpita njia asiyemjua hata kwa sura, na siku mbili akaja kazini amelowa chepechepe. Nilipomuuliza akasema, "Ataurudisha, Mama. Alisema ataurudisha." Wala hakuwa na wasiwasi.

Halafu kuna ule uongo wake. Siku moja mfuko wa kola ukapotea, nikamuuliza. Akasema amempa Baba Pasi, na Baba Pasi akamwambia asante, tena alikuwa anakohoa. Baba Pasi akaapa hajaona mfuko wala hajakohoa mwezi mzima. Mfuko tukaukuta chini ya kiti chake mwenyewe Vifungo. Tangu siku hiyo akawa mwongo kwa karakana nzima. Mimi nikabaki najiuliza. Mwongo husema uongo apate kitu au akwepe kitu. Huyu kapata nini? Mfuko ulikuwa miguuni pake, na alivyoduwaa tulipouvuta, ungedhani ni sisi tuliouweka pale.

Sasa tuje kwenye makoti. Hospitali moja iliagiza makoti sitini ya wauguzi wa kike, yachukuliwe Ijumaa. Hapa nieleze jambo la kifundi, si gumu: nguo ya kike tundu la kifungo hukaa upande wa kulia wa mvaaji, ya kiume hukaa kushoto. Ijumaa ya kabla yake, asubuhi, Vifungo alitoboa makoti kumi ya kwanza, yote sawasawa. Mchana nikampa mashati ya walinzi wa kiume. Jumamosi nikaingia kazini na mambo mia kichwani, nikamtupia mezani rundo la makoti nikamwambia, "Fanya kama jana."

Akaniuliza, "Jana ipi, Mama?"

"Weee! Wewe una jana ngapi? Shona huko!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Na yeye akacheka, akainama kwenye mashine.

Kufika saa sita alikuwa amemaliza makoti ishirini na manne. Matundu mazuri ajabu, yamenyooka, na yote yako kushoto. Nililishika la kwanza, la pili, la tatu. Sitawaficha niliyosema. Nilimwambia mbele ya wote, "Hicho ni kichwa au ni boga?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Nimefanya kama jana." Nikaona ananifanyia jeuri, nikaongeza mengine nisiyotaka kuyarudia hapa.

Hakulia. Alivua aproni yake, akaikunja pembe kwa pembe, akailaza mezani, akachukua mkoba wake kabla hajaambiwa lolote. Alikunja kama mtu aliyekwisha fukuzwa mara nyingi. Tajiri, mwenye karakana, mtu mfupi anayejulikana alipo kwa mlio wa funguo zake, akatoka ofisini, akayatazama makoti, akaniambia, "Jumatatu huyo asirudi."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ile "jana ipi" ilininasa kama uzi kwenye jino. Mtu jeuri hukutazama usoni aone kama umeumia. Yeye alikuwa ameuliza huku anatazama mikono yangu, kama anayesubiri jibu la kweli.

Jumapili mchana nikaenda kwao. Kisingizio nilikuwa nacho, aproni ambayo ilikuwa yake mwenyewe, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, nikabeba na sukari. Wanakaa vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu. Mama yake akanifungulia, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, anahema akisimama, anahema akikaa. Nikaketi, na macho yangu, si mnayajua, yakaanza kutembea.

Ndani ya mlango kulikuwa na karatasi zimebandikwa, zimechorwa kwa kalamu nene: ufunguo, mkoba, mtandio, viatu, vimepangwa kwa mstari. Juu ya jiko, birika, na mkono unaozima moto. Juu ya beseni, mswaki na kitana. Nikatafuta watoto, sikuona hata kiatu kidogo.

"Wajukuu wamekwenda wapi, dada?" nikauliza.

"Wajukuu gani? Hizo ni za mwanangu." Akaonyesha kwa kidevu chumba cha pili. Pazia lilikuwa nusu wazi. Vifungo amelala, uso ukutani, mchana kweupe. Hakugeuka.

Mama yake akashusha sauti. "Umekuja kuniambia ni mwongo, mvivu, au kichwa hakimo? Nichagulie, nimezisikia zote."

"Nimekuja kuuliza," nikasema. Na kwa mara moja maishani nikanyamaza baada ya kusema.

 Akamimina chai, akanieleza. Alipokuwa msichana alikuwa mhudumu wa baa. Mteja akikununulia unakunywa naye, usipokunywa tajiri ananuna. Alikuwa na mimba wala hajui. Alipojua ulikuwa mwezi wa tano, na bado wapo waliomwambia bia nyeusi inaongeza damu, anywe tu. Akanywa. Mtoto akazaliwa mdogo, lakini mzuri, vidole kumi, macho mawili. Shuleni leo anajua kusoma neno, kesho halijui. Walimu wakamchapa kwa utundu. Majirani wakasema hakufunzwa adabu. Mpaka binti ana miaka kumi na tisa ndipo daktari mmoja wa kike akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: Ulipokuwa na mimba yake, ulikuwa unakunywa?

"Nilitaka kumpiga kofi," akasema. "Halafu nikalia, maana miaka yote nilikuwa natafuta jina la kitu hiki. Daktari akanieleza kwamba pombe humfikia mtoto tumboni, na ubongo unajengeka tofauti. Si kwamba hataki, kuna wakati hawezi. Kisha kesho anaweza, na hilo ndilo linalowachanganya watu, wakiona aliweza jana wanadhani leo anafanya makusudi. Na usoni hana alama yoyote. Angekuwa na mguu mbovu, watu wangempisha njiani."

Nikamuuliza kuhusu ule uongo. Ningewezaje kutouliza?

"Hadanganyi. Ukimuuliza kitu asichokikumbuka, anaogopa, na kichwa chake kinatafuta kipande chochote kinachofanana, kinaziba pengo. Yeye mwenyewe anakiamini." Akanywa chai. "Na usimuulize 'umeelewa?' Atasema ndiyo. Muulize atafanya nini. Mpe jambo moja, akimaliza mpe lingine. Kumwonyesha ni bora kuliko kumwambia. Na leo mwonyeshe tena, hata kama jana ulimwonyesha."

Alikuwa akisema haya huku ananitazama kwa pembeni, nikajua anasubiri nini. Akakisema mwenyewe. "Watu wakishajua, macho yote yananigeukia mimi. Yeye wanamsahau pale pale. Haya, nihukumu na wewe."

Jamani. Mdomo wangu huu, wa mkasi, ukakauka. Kwa sababu nilikuwa nimekumbuka harusi ya mdogo wangu. Nilicheza siku mbili, glasi haikutoka mkononi, na mimba ya mwanangu wa kwanza ilikuwa na miezi mitatu, nami sina habari. Mwanangu huyo leo ni fundi umeme, anakumbuka hadi kofi nililompiga akiwa darasa la pili. Nikamwambia yule mama, "Mwenzangu, na mimi nilikunywa." Akaniangalia kwanza kama hakusikia. "Daktari anasema huwezi kujua ni mtoto yupi atakayepatwa," akasema polepole, "ndiyo maana ukiwa na mimba bora usiiguse pombe kabisa." Sikuwa na akili kumzidi, wala mapenzi ya mtoto kumzidi. Nilikuwa na bahati tu, na miaka yote nilidhani ni malezi.

Na hapo hapo ile "jana ipi" ikanifungukia. Ijumaa ile alikuwa na kazi mbili, makoti asubuhi na mashati mchana. Sisi wengine tungechambua wenyewe bila hata kujua tunachambua. Yeye aliona hajui, akafanya jambo ambalo kila fundi angetakiwa kulifanya, akauliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Nami nikamjibu kwa kicheko. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nilipoinuka kuaga, mama yake akanishika mkono. "Hii ni kazi ya nne. Ya kwanza alikuwa dobi wa hoteli, ya pili kwenye mikate, ya tatu kiwanda cha ndoo. Mara zote tatu nimekwenda na mkoba mtupu kumchukulia vitu vyake. Baada ya hiyo ya tatu alilala hivyo mwezi mzima, hali mpaka nimlishe. Na mimi pumzi zangu ndizo hizi unazozisikia. Nikiondoka, nani atamchorea?"

 Niliingia chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauambia ule mgongo, "Mwanangu, swali lako lilikuwa zuri. Mimi ndiye sikulijibu." Nikaiweka aproni kando yake. Aliivuta akailalia.

Jumatatu asubuhi nikaingia kwa Tajiri. "Kosa la makoti ni langu," nikamwambia.

"Lako? Mama Mkasi kakiri kosa? Leo mvua itanyesha."

Nikamweleza kwamba nitakata vipande vipya vya kifua kutoka kwenye mabaki, niyavalishe makoti yote ishirini na manne, kwa saa yangu ya chakula. Na Vifungo ndiye atakayeyatoboa, hayo pamoja na ishirini na sita yaliyobaki. Alizungusha funguo kidoleni, akazungusha tena. "Hadi Ijumaa. Likipasuliwa tundu moja upande usio wake, moja tu, sitaki kumwona. Na usinisihi tena."

Nikaenda kumrudisha Vifungo kazini, na kabla sijawaeleza wenzangu habari zake, nilimuuliza kwanza mwenyewe kama naruhusiwa. Maneno ya mtu ni ya mtu. Alifikiri sana. "Waambie sisahau makusudi," akasema. Nikawaambia hivyo hivyo. Baba Pasi, ambaye mpira wa redioni ni dini yake, aliinuka akaizima redio. Siku ile timu yake ilikuwa inacheza.

Meza ya Vifungo tukaihamishia ukutani, mbali na mlango. Juu ya mashine nikapigilia msumari, na msumarini nikatundika koti moja lililokamilika, limefungwa vifungo, linamtazama uso kwa uso. Kisha nikampa kanuni moja tu: "Tazama koti, ndipo upasue. Koti lisipokuwepo, usipasue. Uliza." Nikamwambia anionyeshe atafanya nini. Akanionyesha. Jumanne nikamwambia tena kama vile ndiyo mara ya kwanza. Msidhani ni rahisi kwa mtu wa hasira zangu. Siku hiyo niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Jumanne hakukosea, Jumatano hakukosea. Alhamisi mchana akaniuliza, "Mama, kesho utanifokea?"

"Nitakufokea ukinimalizia chai," nikasema. Akacheka kile kicheko chake. Jioni yalikuwa yamebaki makoti kumi na manane.

Ijumaa nilipitia dukani kuchukua uzi, nikafika mashine zote zinaunguruma isipokuwa moja. Vifungo alikuwa amekaa, mikono magotini, rundo la makoti mbele yake halijaguswa. Wembe umefunikwa.  Na Tajiri naye, nasikia funguo, anaingia nyuma yangu.

"Ndiyo kazi hiyo?" akapaza sauti. "Saa tatu sasa! Wanakuja saa saba kuchukua mzigo, yeye amekaa kama bibi harusi! Mama Mkasi, si nilikwambia?"

Mashine zikazimika moja baada ya nyingine. Vifungo aliinamisha kichwa. Nami, niwaambie ukweli, lile neno la boga lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikainama nikamuuliza polepole, "Mwanangu, kuna nini?"

"Koti halipo."

"Halipo?" Tajiri akadakia. "Makoti kumi na manane yako chini ya pua yako!"

"La pale," akasema, akainua kidevu. Sote tukatazama ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. "Mama alisema lisipokuwepo nisipasue, niulize. Nimeuliza. Mashine zinapiga kelele, hakuna anayesikia."

Nilisimama pale nikaelewa alichokifanya. Hakukisia wala hakuziba pengo kwa kipande cha kubuni. Alikaa na woga wake wote, na macho ya watu, na mkono umetulia. Sijui ni fundi gani kwetu angethubutu.

"Haya, nani kalichukua koti?" Tajiri akafoka. "Nani anacheza na kazi ya watu?"

 Baba Pasi akaisimamisha pasi yake taratibu. "Tajiri," akasema kwa adabu zote, "hicho ulichobana kwapani ni nini?"

Tajiri akatazama kwapa lake. Jana yake jioni alikuwa amelichukua kwenda kumwonyesha mkuu wa wauguzi, akasahau kulirudisha. Akalitazama lile koti, akamtazama Vifungo. Loo, sijawahi kufurahi vile kazini! Mtu mzima akavuta kigoda, akapanda, akalitundika mwenyewe, funguo zinalia.

"Limepinda," Vifungo akasema.

Akalinyoosha.

Karakana nzima ikaangua kicheko, na katika kicheko hicho ndipo nilipogeuka nikamwona. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, anahema, na mkononi ana mkoba mtupu.

"Leo si Ijumaa?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimekuja kumchukua."

Vifungo alikuwa ameshavuta koti la kwanza. Akatazama msumarini, akaligeuza la mezani, mashine ikazunguka, akafunua wembe, akapasua tundu la kwanza. Kulia.

"Mama," akamwambia mama yake bila kugeuka, "bado kumi na manane."

Mama yake akaukunja ule mkoba mara mbili, akautia kwapani, akaniuliza kama tuna kiti.